Familia za Wamarekani weusi: mababu waliteswa wakashikamana, wajukuu wako huru na wametawanyika. Nini kilitokea?

#1 Mgeni_wa_Baltimore
Salaam wakuu.

Kazi yangu huku ni kutunza wazee majumbani. Kwa sasa namhudumia bibi mmoja mweusi, mzaliwa wa hukuhuku Marekani, kavuka tisini na akili bado kali kuliko yangu. Kazaliwa South Carolina. Wazazi wake walilima pamba kwenye shamba la tajiri kwa kugawana mavuno, na kila mwisho wa msimu hesabu ikipigwa wanaambiwa bado wanadaiwa. Ukutani ana picha yao: baba kashika kofia mkononi, mama, halafu watoto kumi na mmoja wamepangwa kwa urefu, wale wadogo pekupeku.

Hao wazazi walikaa pamoja mpaka kifo. Bibi mwenyewe aliolewa mara moja tu. Watoto wake wanne, wawili waliachika. Wajukuu ni wengi, aliyefunga ndoa ni mmoja. Vitukuu wanalelewa na mama zao na nyanya zao, na wengine bibi hajawahi kuwatia machoni, wako Texas na California.

Kinachonichanganya ni hiki. Ubaguzi ulipokuwa mkali, watu wananing'inizwa mitini, nyumba zilisimama. Sheria ya haki za raia ikaja 1964, ya kupiga kura 1965, na hapohapo ndoa zikaanza kuporomoka. Kwa maoni yangu uhuru wenyewe ndio uliovunja jamii. Mwenye maelezo bora alete.

#2 Nyuki_Dume
Navuta kiti. Wajuzi wanakuja.

#3 KobeMzee
Mbona jibu liko wazi, utumwa. Ndoa ya mtumwa haikutambuliwa na sheria yoyote. Mtu analala na mke, asubuhi kauzwa. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje 1808, biashara ikageukia ndani: watu kama milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka Virginia, Maryland na jirani zao kwenda kwenye pamba na miwa ya Mississippi, Alabama na Louisiana. Hiyo Baltimore unayokaa ilikuwa bandari ya kuwapakia meli za New Orleans. Tangu 1619 mpaka 1865 mtu anafundishwa kwamba mume na mtoto ni vya kupita, unategemea nini?

#4 Mwl_Mstaafu
Kobe, nakuheshimu, ila hapo pana tobo. Kama ni utumwa, walioathirika zaidi wangekuwa wale waliotoka nao mikononi. Wao ndio waliokimbilia ndoa kuliko watu wote. North Carolina 1866 sheria iliwataka waliokuwa wakiishi kama mke na mume utumwani wakaandikishe. Ada senti 25, na senti 25 kwa mtu aliyeachwa huru mwaka jana tu si mchezo. Wakaenda kwa maelfu, wazee wa ndoa za miaka thelathini wanajitambulisha mbele ya karani.

Tena soma matangazo ya kutafuta ndugu kwenye Christian Recorder, gazeti la Philadelphia la AME, kanisa la Wamethodisti weusi. Mama anaeleza jina la mwanawe, jina la bwana aliyemmiliki, jina la dalali aliyemnunua, na mji alikomwona mara ya mwisho. Wachungaji waliombwa wayasome madhabahuni. Matangazo ya namna hiyo yaliendelea kutoka hata miaka ya 1900 ilipoingia. Watu hao hawakuchukulia familia kuwa kitu cha kupita.

Na 1960, karibu miaka mia baada ya utumwa, theluthi mbili ya watoto weusi waliishi na wazazi wote wawili. Kilichobadilika kimebadilika baada ya hapo.

#5 KobeMzee
Mwalimu, donda linaweza kufunga juu na usaha ukabaki ndani. Endelea tu kuhesabu.

#6 Bepari_Kariakoo
Mnazunguka bure. Ni posho ya serikali kwa akina mama maskini wenye watoto. Mama akiwa na mume, hapewi. Mume akiondoka, anapewa. Maofisa walikuwa wanavamia nyumba usiku kutafuta viatu vya mwanamume chini ya kitanda! Serikali ikamwoa mwanamke, mume akawa hana kazi. Moynihan aliwaambia haya kwenye ripoti yake ya familia za weusi enzi za Nixon, wakamtukana.

#7 Mwl_Mstaafu
Bepari, ripoti ya Moynihan ni ya 1965, rais alikuwa Johnson, na Moynihan alikuwa naibu waziri mdogo wizara ya kazi. Kwa Nixon alikwenda baadaye kuwa mshauri. Na ripoti yenyewe ililia zaidi na ukosefu wa kazi kwa wanaume kuliko posho. Wakati huo karibu robo ya watoto weusi walizaliwa nje ya ndoa, yeye akaona ni hatari. Leo ni kama 7 kati ya 10.

Uvamizi wa usiku ulikuwepo, hapo sikupingi. Lakini 1968 Mahakama Kuu ya Marekani iliipiga chini kanuni ya Alabama iliyowanyima watoto posho kwa sababu mama yao ana mwanamume, kesi ya mama mmoja wa kaunti ya Dallas, jimbo hilohilo. Posho hiyo ilianza 1935, na majimbo ya Kusini kwa miaka mingi yaliwanyima weusi makusudi ili wasikose wachuma pamba. Halafu 1996 Clinton akaifuta na kuweka nyingine yenye masharti na ukomo wa miaka. Ndoa zilirudi? Hazikurudi.

#8 Bepari_Kariakoo
Nixon, Johnson, wote wazungu wa tai. Hoja yangu iko palepale.

#9 Shemeji_wa_Detroit
Naomba niseme kama mtu aliyeoa humo ndani, mke wangu ni mweusi wa Detroit.

Babu yake alitoka Alabama wakati wa vita vya pili kufuata kazi ya kiwandani. Ndio ule uhamaji mkubwa, kuanzia vita vya kwanza mpaka 1970 watu kama milioni sita walitoka Kusini. Na hawakutawanyika ovyo, walifuata reli. Mississippi na Arkansas walikwenda Chicago, Carolina na Georgia wakaenda Washington, Philadelphia, New York, Louisiana na Texas wakaishia California. Kaka anatangulia, anapata chumba, anamwita mdogo wake, wanamwita binamu. Kusini kijiji kizima kilikuwa ndugu, Kaskazini ghorofa zima likawa ndugu.

Babu alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia chuma. Weusi walipewa huko kwenye moto, wazungu wakapewa penye nafuu. Lakini mshahara ulikuwa wa kweli, akaoa, akanunua nyumba, mkewe akaacha kufanya usafi kwa watu. Weusi wengi walikuwa wanakula na kusuka Hastings Street, mtaa wa weusi wenye maduka yao, hoteli zao, kumbi za muziki. Barabara kuu ya magari ikapitishwa juu yake mwishoni mwa miaka ya 50 na mwanzoni mwa 60. Mtaa ukafutika. Wapangaji hawakulipwa hata nauli.

Halafu viwanda vikaanza kuhama. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu milioni 1.8, sasa hawafiki laki saba. Baba mkwe aliingia kiwandani akapunguzwa akiwa kijana. Shemeji zangu hawakupata kiwanda kabisa. Niambieni, mwanamume asiye na mshahara nani atamkubalia posa? Hata kwetu Morogoro viwanda vilipofungwa tuliona.

Lakini kusema wametawanyika nakataa. Kila baada ya mwaka mmoja kuna mkutano wa ukoo, mwezi wa saba, kulekule Alabama. Ijumaa samaki wa kukaanga, Jumamosi nyama choma bustanini, Jumapili kanisani alikobatizwa babu. Fulana za rangi moja, mgongoni mti wa ukoo, na kila tawi la familia lina rangi yake. Mwenye umri mkubwa anapewa zawadi, na mtoto mchanga kuliko wote anapewa zawadi. Kuna mweka hazina, na anadai michango kuliko vikoba. Mwaka huu wa mwisho tulikuwa zaidi ya mia na ishirini.

#10 ChumviKidogo
Shemeji, fulana yako rangi gani? Au walikupa nyeupe ya wageni?

#11 Shemeji_wa_Detroit
Ya zambarau kama mke wangu. Na saladi ya viazi nimeambiwa nisiiguse jikoni, iko chini ya mamlaka ya shangazi mmoja tu.

#12 WakiliMchovu
Jela, wakuu. Mnaizunguka tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliokuwa jela na mahabusu Marekani nzima hawakufika laki nne. Kufika miaka ya 2000 wamepita milioni mbili, na mweusi alikuwa na uwezekano wa kufungwa mara tano hivi kuliko mzungu. Sheria ya 1986: ukikutwa unauza gramu 5 za kokeini ya vipande, ile ya mitaa ya weusi, miaka mitano haipungui. Ya unga, ile ya matajiri, mpaka ufikishe gramu 500. Walikuja kupunguza pengo hilo 2010, na hata hapo hawakulifuta.

Halafu kuna kipengele watu hawakijui. Kanuni za nyumba za serikali zilizokazwa 1996 ziliruhusu familia nzima kutolewa nje kwa kosa la dawa la mtu mmoja, hata kama bibi mwenye nyumba hakujua kitu. Mahakama Kuu ikabariki 2002. Kwa hiyo kijana akitoka jela, mama yake anaogopa kumlaza hata kwenye kochi. Hapo familia imevunjwa kwa mhuri.

#13 Mwl_Mstaafu
Wakili, kubwa sana hilo. Ila 1986 ndoa zilikuwa zimeshashuka miaka ishirini nyuma. Jela ilikuta mlango uko wazi.

#14 WakiliMchovu
Iliukuta wazi, ikang'oa na bawaba.

#15 Binti_Pongwe
Naomba tuanzie swali lenyewe. Mgeni kapima familia kwa cheti cha ndoa, na ninyi nyote mkamfuata.

Kuzaliwa nje ya ndoa si sawa na kukosa baba. Kituo cha serikali yao cha kudhibiti magonjwa kilitoa takwimu 2013: akina baba weusi wanaoishi na watoto wao walikuwa sawa au mbele ya wa makabila mengine katika kuogesha, kuvisha, kulisha na kusimamia kazi za shule. Na wasioishi nao wengi wanawaona. Lakini fomu ya sensa haina kisanduku cha "baba anakuja kila jioni".

Familia ya weusi kule haikuwahi kuwa ya watu wawili na watoto tu. Ni bibi, shangazi, jirani anayeitwa binamu wakati hamna damu. Bibi yako Mgeni, muulize alipokuwa mdogo nani alikuwa anamlea wakati mama yake yuko shambani.

Jambo la pili, mnaisifia ndoa ya zamani kama vile ilikuwa harusi kila siku. Bima ya uzee ilipoanzishwa 1935, wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje, na hao ndio weusi wengi. Mzee hana pensheni, hana akiba, lazima akae kwa mwanawe. Mwanamke hana kazi ila kufua kwa wazungu, akimwacha mume mlevi anakwenda wapi? Na wangapi waliacha watoto wao kwa nyanya ili walale nyumba za matajiri wakilea watoto wa wengine? Kwenye picha haonekani nani alitaka kuondoka akashindwa.

#16 Mgeni_wa_Baltimore
Dada Pongwe, nimemuuliza leo asubuhi nikimpikia uji. Alilelewa na dada wa bibi yake, mama yake aliondoka alfajiri na kurudi giza. Kwa hiyo hapo unayo pointi.

Ila kanieleza jingine. Walipohamia Baltimore, kila likizo ya shule alikuwa anawapeleka watoto Kusini wakae na ndugu. Kwenye treni hawakuruhusiwa behewa la chakula, kwa hiyo usiku anakaanga kuku, anapanga kwenye boksi la viatu na mkate na mayai ya kuchemsha, inatosha mpaka wafike. Anasema baada ya 1955, yule kijana wa Chicago Emmett Till alipouawa Mississippi akiwa likizo kwa ndugu zake, miaka 14 tu, majirani kadhaa waliacha kabisa kuwapeleka watoto. Yeye aliendelea, lakini wa kiume akawa anawafundisha njia nzima wasimtazame mwanamke wa kizungu usoni.

#17 Msee_wa_Kayole
Wasee, mbona hakuna mtu anasema hata wazungu wao ndoa zimeanguka? Wakati wa hiyo ripoti walikuwa asilimia tatu hivi ya watoto nje ya ndoa, saa hii wamepita robo. Hawakuwa watumwa, na Hastings Street haikuwa yao. Hapa Nairobi pia angalia. Labda ni dunia imebadilika tu, weusi wakapigwa kwanza kwa sababu walikuwa mbele ya laini.

#18 DerevaWaMasafa
Napita Mississippi na lori. Mnaongea miji tu, hamjagusa ardhi.

Mwaka 1920 wakulima weusi walikuwa zaidi ya laki tisa, wenye ardhi yao na wapangaji pamoja. Leo hawafiki elfu hamsini. Mashine ya kuvuna pamba ilionyeshwa hadharani 1944 shamba la Hopson karibu na Clarksdale, na kuanzia hapo tajiri hakuhitaji tena familia ya watoto kumi na mmoja. Picha ya ukutani ya Mgeni ilikuwa ni nguvukazi. Mashine ilipoingia, wale wote wakawa midomo ya kulisha.

Wale waliokuwa na shamba lao nao walinyang'anywa kwa ujanja. Mzee anakufa bila wosia, hawakuamini mahakama za wazungu, ardhi inabaki ya warithi wote bila kugawanywa. Baada ya vizazi viwili wamiliki wamekuwa sitini, wengine Chicago hawajui hata shamba liko wapi. Mjanja anamfuata mmoja, ananunua kifungu chake kwa hela ya sigara, kisha anakwenda mahakamani kudai lote liuzwe. Shamba linapigwa mnada. Visiwa vya South Carolina walianza kuliwa hivyo baada ya daraja la Hilton Head kufunguliwa 1956, viwanja vya gofu vikafuata. Ardhi ikiondoka, mkutano wa ukoo mtaufanyia wapi? Kwenye bustani ya manispaa.

#19 KobeMzee
Hili la mashamba ya urithi lipo Tanga hadi leo. Nyumba ya babu, warithi arobaini, haiuziki wala haikarabatiki.

#20 Ustadhi_Mtendeni
Assalaam alaykum. Naona mnaruka nyumba za ibada. Kanisa ndilo lilikuwa benki, shule, mahakama ya ndoa na chama cha siasa. Kila mtu alijulikana. Joto likizidi wanapepea kwa vipepeo vya karatasi vyenye tangazo la nyumba ya mazishi upande mmoja na picha ya Martin Luther King upande wa pili, nimeviona mwenyewe Philadelphia. Sasa vijana hawaendi, wazee wamebaki na jengo.

Na si kanisa tu. Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, alipofariki 1975, mwanawe Warith Deen Mohammed aliwaongoza wafuasi wengi kwenye Uislamu wa Sunni. Nyumba moja utakuta bibi Mbatisti, baba Mwislamu, mjukuu hana dini, na sikukuu ya Shukrani mwezi wa kumi na moja wanakula meza moja bila nguruwe kwa heshima ya baba.

#21 Chuga_Asili
Usa River pale Imbaseni alihamia Pete O'Neal, mwanzilishi wa tawi la Kansas City la Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, alikimbia kesi ya bunduki akaingia Tanzania 1972. Yeye na mkewe wakajenga kituo, wakalea na watoto wa Kimeru. Chama chao kilianza kuwapikia watoto staftahi kabla ya shule Oakland 1969, kanisani. Kwa hiyo hata baada ya 1965 jamii ilikuwa bado inajipanga, Mgeni. Serikali ya Marekani iliwavunja makusudi kwa mapolisi na wapelelezi.

#22 Binti_Pongwe
Ongeza walimu. Uamuzi wa 1954 wa kuchanganya shule ulitakiwa uwe ushindi, na ni ushindi. Lakini zilipochanganywa, shule za weusi ndizo zilizofungwa, na walimu na wakuu wa shule weusi wanaokadiriwa 38,000 wakapoteza kazi Kusini na majimbo ya mpakani kufikia 1965. Mwalimu alikuwa anakaa mtaa uleule, anasali kanisa lilelile. Halafu sheria ya makazi ya 1968 ikampa daktari na wakili nafasi ya kuhama. Mgeni hakukosea kuona kitu pale, kakosea kukiita uhuru. Waliruhusiwa kuondoka wenye uwezo, wasio nao wakaachwa na ghorofa za serikali kama zile za Robert Taylor, Chicago, majengo 28 ya ghorofa kumi na sita kwenye mstari mmoja.

#23 Mgeni_wa_Baltimore
Sasa mnanipa hoja ileile kwa jina lingine.

#24 ChumviKidogo
Nauliza pembeni: yale majani yao ya kijani wanayochemsha saa nzima na nyama ya moshi, si ndiyo sukuma wiki yetu?

#25 Msee_wa_Kayole
Ni hiyohiyo. Lakini saa nzima? Hiyo ni kesi ya jinai.

#26 Shemeji_wa_Detroit
Jaribuni na shingo ya bata mzinga, mtanyamaza. Mimi niliwapikia ya kukaanga na kitunguu kwenye mkutano wa ukoo, wakaniuliza kama gesi iliisha.

#27 Mama_Wawili_Houston
Na sisi wahamiaji tumo kwenye hesabu. Mmoja kati ya kumi wa weusi wa Marekani sasa kazaliwa nje, bahati nasibu ya viza imeleta Wakenya, Wanigeria, Wahabeshi. Tunafika tunawasema wenyeji kuwa hawana familia. Halafu mtoto wangu wa kwanza kazaliwa hapa, simjui jirani, mama yangu yuko Moshi, na aliyekuja hospitali na supu alikuwa mama mweusi wa ghorofa ya chini, mwenye watoto watatu na hana mume.

#28 Mwl_Mstaafu
Shukrani mama.

Mgeni, muulize bibi kaunti aliyozaliwa na jina la tajiri wa lile shamba. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika walioachwa huru wote kwa majina, kabla ya hapo walikuwa umri na jinsia tu chini ya jina la bwana. Ukipata kaunti unaweza kufika kwa babu wa babu yake.

#29 Mgeni_wa_Baltimore
Kaunti ni Orangeburg. Jina la tajiri kakataa kulitamka, kasema nimpe kwanza dawa zake. Nitamrudia Jumatatu.

#30 Bepari_Kariakoo
Kurasa zote hizi na hakuna aliyenijibu kuhusu posho.

#31 WakiliMchovu
Namba 7, mkuu.

#32 Bepari_Kariakoo
Ile ilikuwa kuhusu Nixon.